Mvua Iko Juu Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitengeneze mvua kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa mchora ramani, mwanamke wa penseli na rula, nimehamishiwa kitengo cha filamu za mafunzo hapa Morogoro kwa sababu tu nilikuwa nimesoma kozi fupi ya kompyuta. Mkuu wa Kitengo alinionyesha mandhari aliyoiacha mtangulizi wangu, milima ya Uluguru yenye kijani cha rangi ya geti, akasema inahitaji mvua, akaenda zake kunywa chai. Nikachora matone. Kila tone lilikuwa na kichwa kinene na mkia, kama chozi. Aliporudi alifurahi mno, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza.

Maana tone la mvua halifanani na chozi. Linashuka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuishika, na unachokiona ni mchirizi tu, tena hafifu. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo mnabonyeza kitufe, programu inawamwagia chembechembe, yaani vitone maelfu vinavyoendeshwa na hesabu za upepo na uzito. Sisi tuliipanga mvua kwa tabaka: ya karibu, ya kati, na ya mbali ambayo haina matone kabisa, ni pazia la kijivu linalofuta mlima mmoja baada ya mwingine. Kisha ndipo inakuja kazi yenyewe, kutia giza udongo uliolowa, kuinamisha majani ya mgomba, kung'arisha mabati. Katika picha ya mvua, matone ndiyo yenye kazi ndogo kuliko vyote. Nimelisema hilo kwa wakuu watatu na hakuna hata mmoja aliyenielewa.

Nilipelekwa Turiani kwa ajili ya filamu ya wakulima wa mpunga. Mratibu wa huko alitaka mvua kubwa, lakini mkulima wake asilowe shati, kwa sababu shati lilikuwa na nembo ya mradi. Nikasema basi tumpe mwavuli. Akasema mwavuli utaficha nembo. Nilikaa msimu mzima nikilinyeshea shati kavu, na wakulima walipoonyeshwa walicheka hadi wakasahau somo.

Hayo yalikuwa ya kuudhi tu. Lililoniuma lilitokea niliporudishwa Morogoro, chini ya Meneja wa Filamu. Tulitakiwa kutengeneza filamu fupi ya kuwaonya wanaofua na kuoga mtoni. Aliyekulia milimani kama mimi anajua jinsi inavyokuwa: mvua inanyesha huko juu, bondeni jua linawaka, nguo zinakauka kwenye mawe, na mto unakuja. Kwanza mlima wa nyuma unafutika. Baadaye maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa na kuleta majani mabichi, na hapo umeshachelewa kidogo. Bibi yangu hakuwahi kutufundisha kwa maneno. Mlima ukifutika alikuwa anasimama tu, nasi tunasimama, tunaacha kila kitu na kupanda ukingo.

Nikaitengeneza hivyo hivyo. Zilipita wiki za kurenda, yaani kuiachia kompyuta ipike picha moja moja hadi filamu iive. Meneja akaitazama mikono kifuani.

"Mama Salma, mvua iko wapi?"

"Iko juu, bosi. Tazama ule mlima wa nyuma, umeshapotea."

"Mimi naona jua. Mtazamaji atadhani mto umejaa wenyewe. Wanyeshee hao wanawake."

Nilibisha siku mbili. Siku ya tatu nikawanyeshea, na radi nikaweka. Meneja aliagiza, lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Filamu ikapita mtaa kwa mtaa, watu wakayasifu matone.

Wifi yangu Zuhura, mke wa kaka yangu, aliolewa kutoka Lindi na hakuijua milima yetu. Aliitazama filamu ile mara mbili, kwa kuwa ni kazi ya wifi yake. Masika yaliyofuata alikuwa mtoni anafua, jua kali, mashuka ya nyumba nzima yametandazwa kwenye mawe. Maji yalipogeuka rangi aliyaona, akadhani kuna watu wanachota mchanga huko juu. Mto ukamchukua, ukampigiza kwenye mawe, ukamtupa kwenye matete akiwa amevunjika mguu. Nilikwenda hospitali nimejiandaa kulaumiwa. Yeye akaniuliza kwa upole, kana kwamba kosa ni lake:

"Wifi, mbona kwenye filamu yako mvua ilikuwa inawanyeshea wao?"

Nililia pale pale, mbele ya muuguzi.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Nikamwendea Meneja, nikamwambia naonyesha ile filamu yangu ya awali, isiyo na mvua bondeni, na kama hataki aandike barua ya kunifukuza na aeleze sababu. Hakuandika. Alisema tu kwamba watu wasipoelewa, nitasimama mimi niwajibu.

Sasa nipo nyumbani. Vijana wanakuja kuniamkia na kompyuta zao, nawaambia waondoe nusu ya matone, wanaitikia vizuri, kisha wanakwenda kuyaongeza. Imenichosha. Ninapotaka kuamini kwamba sikupoteza maisha yangu, naikumbuka siku tulipoionyesha filamu ile kwenye ukumbi wa shule, siku ya gulio, akina mama wa vijiji vya juu wameketi na matenga yao ya ndizi. Kwenye turubai wanawake walikuwa wanafua, jua linawaka, hakuna tone hata moja. Mlima wa nyuma ukafutika. Maji yalikuwa bado maangavu pale mama mmoja wa mstari wa nyuma aliposimama. Jirani yake naye akasimama, kisha mstari mzima.

Meneja akaniinamia sikioni, akauliza kwa nini watu wanaondoka na mvua haijaanza.

Nilikuwa namtazama Zuhura, aliyekuwa ameketi mbele kabisa. Aligeuka akawaona wale akina mama, akautafuta tena ule mlima kwenye turubai asiuone, akavuta magongo yake, naye akasimama.