Sinia la Wageni Maweni

Wenzangu, nimezaliwa Malindi, lakini utamu wa mtaa wetu wa Maweni sikuujua hadi Jumamosi. Kila baraza ina mama na sufuria: mbaazi za nazi hapa, viazi vya karai pale, kwa bei ya maskini kama mimi. Nilikula huku nimeduwaa.

Baraza ya mwisho ilikuwa na mkeka mpya na sinia la biriani ya kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti ule."

Nilikula hadi machozi ya utamu yakanilenga, nikaomba paja la pili.

"Na wazee wenu wa posa wamekwama wapi?" akauliza. "Binti ameshajipamba."

"Posa gani, mama? Mimi nauliza nilipe ngapi."

Akalitazama sinia nililolifyeka. Nyuma yangu, wageni wa posa wenyewe wakapiga hodi.