Chenga Kwenye Picha

Mpiga picha wa kanisa letu hapa Kiplombe ana kamera ndogo ambayo flashi yake ilikufa zamani. Mahali penye giza huishika kwa mikono miwili, hutazama kioo chake, kisha hukunja uso. "Nikiilazimisha kuona gizani, picha itajaa chenga kama mchanga," husema, na kuwasogeza watu dirishani.

Jumamosi alikuja kumpiga nyanya picha na kitukuu wake. Nyanya hawezi kuinuka kitandani, na chumba chake kina kidirisha kimoja tu.

"Piga tu hivyo hivyo," nikamwambia.

Akakataa, akamgeukia nyanya. "Mama, nataka uso wako uonekane. Tukubebe?"

Nyanya akaitikia. Tukambeba na kitanda chake hadi uani. Picha zilipokwisha, nikainama kumrudisha.

"Ngoja kwanza," nyanya akasema, amefumba macho juani.

Mpiga picha akazima kamera, akaketi kwenye nyasi kando yake.