Filta Niliyoiacha Mezani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokataa kubeba kipande cha chuma kwa sababu kilikuwa kinanuka oili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kitenge changu kilikuwa kipya. Kaa hapo kwenye tairi nikusimulie, maana jana nilikuona ukitundika cheti chako cha ufundi kwenye ukuta wangu, kikiwa ndani ya fremu ya kioo, kisha ukarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa nilijiona mimi.

Siku hizi mtu akiharibikiwa na gari la otomatiki, kuanzia hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mpaka Mbarara, anaambiwa aende kwa Maman Neema, ndiye mimi. Nasema hivyo kwa kujivuna wala sioni haya, jina hilo nimelitolea jasho. Lakini wakati ule nilikuwa msichana wa Uvira, kule Kongo, aliyeingia garaji kufagia, akaishia kushika spana. Garaji ilikuwa ya Mzee Melkiori, Mrundi, Mkatoliki wa kusali hata anapofungua boliti iliyokwama. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na watu walimsema sana kwa hilo. Walimwuliza kama wanaume wamekwisha kambini hata alaze binti chini ya magari.

Aliyesema kuliko wote ni Baba Sifa, mfugaji wa kwetu Kivu ya Kusini. Alikuwa na pikapu moja kuukuu ya Kijapani yenye giaboksi ya otomatiki. Kila asubuhi aliwazungukia wafugaji, akakusanya maziwa yao kwenye mikebe mikubwa, akayapeleka Mbarara. Pikapu isipofika, maziwa ya nyumba nyingi yanagandia njiani. Basi pikapu ile ikaanza kuteleza: ikipata moto, injini inanguruma na magurudumu hayapati nguvu. Baba Sifa akaileta garajini, akasema mbele yangu kwamba gari lake lisiguswe na binti. Mzee akamjibu kwamba garaji hii ina mafundi wawili, na wote wawili hufanya kazi. Wee, kifua changu kilivyojaa siku hiyo!

Tulimwaga oili, tukashusha lile bakuli la chini ya giaboksi. Ndani yake mna sumaku. Mzee aliipangusa kwa kidole akanionyesha tope la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Akasema tungekuta vipande vya chuma ingekuwa habari nyingine. Hilo ni tope la uzee tu, giaboksi bado nzima, filta ya kuchuja oili ndiyo iliyoziba. Akaifungua filta, kitu bapa kiasi cha sahani, kinachuruzika oili nyeusi, akaiweka mezani. Akaniambia niende Mbarara, kwenye maduka ya spea ya Kakoba, nikanunue nyingine kama ile. Kisha akaenda kwenye mazishi ya Mrundi mwenzake.

Nikaitazama ile filta, nikakitazama kitenge changu. Halafu nikakumbuka kwamba gari lina kadi yake ya usajili. Wewe umezaliwa hapa, mwanangu, lakini sisi tuliovuka mpaka tulikuwa na imani nyingine mbali na ile ya kanisani, nayo ni karatasi. Karatasi ilitupa kipande cha shamba, ilitupa posho, ilitufanya tuwe watu mbele ya meza za maofisa. Yangu ya ukimbizi niliiweka kwenye mfuko wa plastiki kifuani, hata kulala nililala nayo. Basi nikaona, kama gari nalo lina karatasi, uchafu nibebe wa nini? Nikanakili namba ya chasisi kwa mwandiko mzuri, na aina ya gari, na mwaka, nikaitia karatasi hiyo mle mle mfukoni pamoja na yangu. Filta nikaiacha mezani.

Kule Kakoba mwenye duka alikuwa Mnyankore mtaratibu. Kabla sijamaliza salamu aliniuliza, "Sampo iko wapi?" Yaani ile ya zamani, ailinganishe. Nikampa karatasi. Akaisoma, akauliza tena kama giaboksi ni ya gari hilo hilo. Hapo nikapandwa na hasira, nikamwambia mimi ni fundi, sikutumwa sukari. Akafungua kitabu chake, akafuata namba kwa kidole, akaniletea filta mpya ndani ya boksi. Nilirudi Nakivale nimeipakata mapajani.

Mzee alikuwa bado msibani. Nikalala chini mwenyewe. Matundu ya boliti yaliingiliana yote, bakuli likafunga vizuri, nikajaza oili, nikalizungusha gari uwanjani mara tatu, likaenda bila kusita. Muda wote huo filta ya zamani ilikuwa pale mezani, hatua nne kutoka kichwa changu, na sikuigeukia. Jioni Mzee aliporudi akaniuliza kama nimezilinganisha. Nikasema ndiyo.

Asubuhi Baba Sifa alipakia mikebe yake. Nikapanda mbele pembeni yake, nikawa nawapungia watu mkono kama mke wa waziri. Tambarare yote gari lilikwenda. Tukaanza kupanda kilima cha kwanza cha njia ya Mbarara. Katikati, injini ikanguruma, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma na maziwa yote. Baba Sifa akalishika kwa breki, akaliteremsha polepole mpaka chini. Tukajaribu mara nne, na mara zote nne likatushinda pale pale.

Jua likapanda. Boda boda mbili zikachukua mikebe michache. Iliyobaki, Baba Sifa alipitisha kiganja ubavuni mwa kila mkebe, kama anayepima homa ya mtoto, kisha akaanza kuwagawia wapita njia maziwa kabla hayajaganda. Maziwa ya watu waliomwamini. Hakunigombeza. Alisema tu, bila kunitazama, kwamba alikuwa amemwambia Melkiori. Nililia kwa aibu, mwanangu. Nilijua kesho nitarudishiwa ufagio.

Mzee Melkiori alipopata habari akaja na boda, filta ya zamani mkononi imefungwa gazeti. Aliikuta mezani ilipokuwa. Akaniita chini ya gari, tukalala wawili chali, tukafungua bakuli, akazishika filta mbili pamoja. Matundu yalikuwa sawasawa. Lakini ya zamani ilikuwa nene, inafika mpaka chini kabisa ya bakuli. Yangu ilikuwa nyembamba, mdomo wake umening'inia juu. Kwenye tambarare oili iliufikia. Kilimani oili ilikimbilia nyuma, filta ikafyonza hewa, gari likakosa nguvu. Giaboksi ile ilikuwa imetoka kwenye gari jingine. Mwenye pikapu wa kwanza aliibadilisha zamani, na hakuna aliyeandika popote.

Nilingoja anipigie kelele. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeungama, ili Baba Sifa aliyesimama nje asisikie.

"Karatasi haikudanganya. Inajua hii gari ilizaliwa wapi. Haijui imepita wapi. Na ile uko nayo kifuani, binti yangu, inajua nini juu yako?"

Nikaushika ule mfuko wa plastiki kifuani. Akaongeza:

"Na jana uliniambia umelinganisha."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikamwomba msamaha pale pale, mgongo vumbini, na yeye akasema yamekwisha. Kisha akatoka, akamwambia Baba Sifa kwamba kosa ni la garaji, na garaji italitengeneza leo hii kwa mikono ile ile. Baba Sifa akatazama kando. Mzee akalitupa lile gazeti, akanipa filta ya zamani ikiwa wazi, akasema niibebe hivyo hivyo.

Nikaibeba mpaka Mbarara, oili inachuruzikia kitenge kipya. Vijana wa boda boda wa Kakoba waliniuliza kama nimechomoa ini la mtu. Mwenye duka aliponiona alicheka, lakini cheko la wema, akaniletea tatu. Nikazipima mwenyewe juu ya kaunta: unene, mdomo, raba ya kuziba mdomo, matundu. Mbili zikakataa. Ya tatu ikalingana na ya zamani kila pembe.

Alasiri nikalala tena chini ya gari. Nilihakikisha raba ya zamani haikubaki tunduni, nikakwangua gasketi yote iliyoganda ukingoni mwa bakuli, nikakaza boliti kwa kupishana, moja huku, moja kule, bila nguvu za hasira. Nikatia oili kidogo kidogo injini ikiwaka, nikapitisha gia zote, nikapima oili kwa kijiti gari likiwa limepata moto. Mzee alikaa juu ya jiwe na rozari yake, wala hakuinuka kunichungulia.

Kesho yake Baba Sifa alipakia na hakunikaribisha. Nikapanda mwenyewe nyuma, nikasimama katikati ya mikebe. Tulipofika kilima kile nilishika chuma cha bodi kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Gari likapanda. Likapanda tu, mpaka juu. Baba Sifa akalisimamisha, akashuka, akaja nyuma, akafungua mkebe, akajaza kifuniko maziwa, akanipa kwa mikono miwili. Mfugaji wa kwetu hampi hivyo mtu anayemdharau. Nikanywa yote. Mbarara wakamwuliza huyu binti ni nani, akasema, "Ni fundi yangu."

Basi, mwanangu, cheti chako kiache pale, kimependeza ukuta wangu. Lakini ukienda kununua filta, beba ya zamani, hata ikikuchafua mbele za watu. Wa dukani akikuomba sampo, mshukuru. Pima unene, mdomo na matundu kwa macho yako, na ukimaliza kazi mpe mwenye gari ile ya zamani mkononi, ajionee. Mtu naye akija kwako na karatasi yake, isome, halafu muulize amepita wapi. Ukikosea, sema mapema, gari likiwa bado tambarare. Na siku utakayokuwa mkubwa wa mtu, ukitaka kumkaripia, mwite kwanza chini ya gari.

Ile filta nyembamba ndiyo hiyo kwenye msumari. Ishushe, uitundike kando ya cheti chako. Mungu aliyemsikia Melkiori aibariki mikono yako. Akupe kilima cha kukupima ukiwa bado kijana, akupe mtu wa kulala vumbini pamoja nawe akwambie ukweli, na baada ya hapo akupe maziwa ya mikono miwili. Amina. Haya, inuka, kuna gari linakungoja.