Siku niliyokataa kuitwa duty Doha ili nimpeleke binti yangu kuona hockey ya barafu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, hasa nyinyi mlio nje mkitafuta.

Nimesoma nyuzi za wengine humu miaka mingi bila kuandika neno. Leo naleta yangu. Sitaongeza chumvi, ilivyokuwa inatosha.

Nilikuwa nurse Doha, miaka ile metro ilikuwa bado inachimbwa na kila wiki njia zinabadilishwa. Nilikaa Al Thumama, chumba kimoja na jiko.

Binti yangu Shiku nilimwacha Nyahururu kwa mathe, mama yangu, akiwa na miaka sita. Baba yake tulikuwa tumeachana. Miaka mitatu na nusu nikamlea kwa simu, na likizo niliyoenda ni moja tu.

Mwishowe nikawapatia visit visa ya mwezi mmoja, yeye na mathe.

Airport nilikuwa nimejiandaa kukumbatiwa. Shiku alinipa mkono kama anasalimia mwalimu, halafu akarudi kushika koti la shosho, bibi yake. Nikabeba mabegi yao.

Wiki ya kwanza nilimwahidi kumpeleka shamba moja huko Umm Salal akaone ngamia. Nikaitwa kazini. Nikaahidi twende Al Sadd tununue viatu. Nikaitwa tena. Mara zote mbili hakulia wala kununa. Alivua nguo za kutoka, akazikunja vizuri, akaziweka. Wakuu, heri angelia.

Sasa, kitu kimoja alichokuwa ameniomba tangu akiwa nyumbani ni hockey ya kwenye barafu. Aliiona kwa TV ya jirani. Na ndiyo, Doha iko. Kuna mall zina uwanja wa barafu ndani, nje jangwa, ndani watu wanateleza wamevaa glavu. Mwezi ule kulikuwa na mashindano, timu zinatoka nchi za Gulf. Nikachagua Ijumaa, siku ya off yangu.

Ijumaa asubuhi tunakunywa chai, simu ikalia. Ni in-charge wetu, msimamizi wa wodi, mama Mfilipino, si mtu mbaya. Kuna mwenzetu ameugua, nije saa sita.

Kabla sijajibu, Shiku alisimama akaanza kufungua vifungo vya sweta.

"Najua umeitwa," akasema. "Ni sawa."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Ameshanizoea hivyo, basi. Hapo ndipo kitu ndani yangu kiligoma.

Nikamwambia in-charge kwamba leo siji. Akasema ataandika ripoti. Nikamwambia aandike, kesho nitafanya duty yangu na Jumapili nitaongeza masaa, lakini leo siji. Wanaojua kazi za huko wanajua neno "hapana" lina uzito gani ukiwa na visa ya mwajiri.

"Funga vifungo," nikamwambia Shiku. "Tunaenda."

Aliniangalia muda mrefu kabla ya kuvifunga.

Teksi ilikwama. Barabara ilikuwa imefungwa ghafla kwa uchimbaji, na mchezo ulikuwa umebaki dakika kumi kuanza. Mall tunaiona ng'ambo ya uzio wa mabati. Mathe ana goti bovu, nikasema turudi, goti lake halitaweza.

"Nani amesema goti?" mathe akauliza. "Nipande ndege nije kuangalia mabati? Fungua mlango."

Tukatembea. Mathe mbele na leso yake kiunoni, sisi nyuma, tukizunguka mabati na vumbi lote lile. Kuzunguka kulituchukua karibu saa nzima, tulifika kipindi cha pili kimeanza.

Ile baridi ya ndani ilitupiga usoni. Mathe alisema imezidi ya Nyahururu mwezi wa Julai. Wachezaji wanapita kama wanafukuzwa, wanagongana kwenye kioo hadi viti vinatikisika, na kile kidude cheusi wanachokigombania mimi sikukiona hata mara moja. Shiku alikuwa anakiona. Akaanza kutueleza nani ametolewa nje na kwa nini. Kumbe alikuwa amesoma sheria zote kwenye kitabu cha library ya shule.

Mathe akachagua timu nyekundu bila sababu, akaishangilia kwa Kikuyu. Familia ya Kiarabu mbele yetu ikageuka, ikacheka, ikampisha aone vizuri. Timu nyekundu ilifungwa, mathe akasema refa hakuwa sawa.

Baadaye uwanja ulifunguliwa kwa watu wote. Shiku akauliza kama tunaweza kuingia. Mimi naogopa kuanguka tangu utotoni, na mgongo wa nurse mnaujua. Nikakodi viatu pea mbili.

Nilianguka kabla sijaachia ukuta. Nikaanguka tena. Mara ya tatu nilimvuta Shiku tukaanguka wote, na akacheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwahi kukisikia kwa simu. Tuliondoka tumelowa suruali.

Tukaenda Corniche, kando ya bahari, kuota jua la alasiri. Mathe akakaa kwenye benchi kupumzisha goti. Sisi tukatembea kando ya maji, majengo marefu upande wa pili. Shiku akaniuliza bila kuniangalia.

"Ulipoondoka, mbona hukuniambia? Niliamka nikakuta umeenda."

Ningeweza kumwambia mambo ya school fees. Nikamwambia ukweli.

"Niliogopa ukilia sitapanda ndege."

"Ningelia," akasema.

"Najua. Nilikukosea, Shiku. Nisamehe."

Alibaki kando yangu, tukarudi kwa mathe tukitembea pamoja.

Jumapili nilipewa warning letter. Nikaisaini. Jioni nilimwambia Shiku contract yangu imebaki miezi kumi na minne, nikimaliza narudi. Ilipoisha, wakataka kuniongezea cheo ili nibaki. Nikakataa.

Sasa niko hospitali ya nyumbani, mshahara ni mdogo, sitawadanganya. Na kurudi hakukurekebisha kila kitu siku ya kwanza. Karibu mwaka mzima Shiku alikuwa akiumwa usiku anamwita shosho. Nilikuwa naamka nao wote wawili, nakaa mlangoni hadi alale. Usiku mmoja Shiku akanisogezea nafasi kitandani.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto hasahau siku uliyomwahidi, hata asipokukumbusha. Ukiahidi siku, itetee kama unavyotetea kazi.

Mliolea watoto kwa simu, na nyinyi mliolelewa hivyo, niambieni ilikuwaje upande wenu. Ya kunilaumu pia andikeni, nitasoma yote.