Marehemu Hakuandikiwa Maneno

Kila nikialikwa kwenye semina ya waandishi wa filamu, hakosi kijana wa kunyoosha mkono na kuuliza nilisomea wapi kuandika mazungumzo. Nimeandika tamthilia nyingi za televisheni, nyingine zimedumu kuliko ndoa za waigizaji wake, kwa hiyo wanategemea nitaje chuo. Chuo! Mimi nilisomea Nyakato, sebuleni kwetu, siku tulipomlaza baba yangu kwenye mkeka na kumtia pamba puani akiwa mzima wa afya.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, kila kitu kimefunguliwa. Televisheni za watu binafsi ndiyo kwanza zimeanza huko Dar es Salaam, na mimi, binti mwenye cheti cha kidato cha nne na kiburi cha profesa, nilikuwa nimeamua kuwatumia mchezo wangu, wapende wasipende. Lakini soko huria halikuja na televisheni peke yake. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilitafutiwa mwekezaji, watu wakapunguzwa, na baba akawamo. Siku hiyo aliingia ndani, na ndani akabaki. Kanisani haendi, kilabuni haendi, hata kiberiti cha dukani alimtuma mama. Na kilichomuuma zaidi haikuwa kazi. Alikuwa ni mwenzake wa zamu, mtu waliyesimama naye kwenye mashine moja miaka nenda rudi. Yeye aliachwa kazini, na tangu hapo hakukanyaga kwetu hata kusema pole.

"Mimi walishanizika," baba alikuwa akisema. "Bado matanga tu."

Sasa, mchezo wangu ulikuwa na msiba, na msiba unataka maiti. Jaribu wewe kumtafuta mtu akubali kuigiza maiti! Kila niliyemwomba alinijia juu: "Ukome! Nijichulie kifo mwenyewe?" Hata fundi viti jirani yetu, aliyewahi kuigiza Yuda kanisani bila wasiwasi wowote, alisema Yuda sawa, maiti hapana. Nikawa nalalamika jikoni, baba akanisikia kutoka kwenye kiti chake.

"Nitalala mimi," akasema. "Kazi ya kulala nimeshaizoea."

Mama akang'aka. "Mnanichulia mume wangu! Kweli nyie wazima?" Lakini huo ulikuwa utani wa kwanza kutoka mdomoni mwa baba tangu apunguzwe, na mama aliusikia vizuri kama mimi. Akanuna kidogo, kisha akaenda kutafuta shuka jeupe.

Mpiga picha wangu alikuwa bwana mmoja wa Mirongo aliyezoea video za harusi. Msiba hakuwahi kuupiga. Aliniuliza keki itakatwa saa ngapi. Mama nilimwelekeza alie kidogo tu, halafu anyamaze. Akaanza vizuri. Halafu sijui alikumbuka nini, akafungulia. Akamlilia mama yake, akamlilia kaka yake aliyezama ziwani, akarudi kwa baba: "Mume wangu wameniulia kiwandani!" Maneno hayo sikuyaandika mimi. Nikasema kata. Mama hakukatika.

Nyumba za Nyakato zimebanana. Kufumba na kufumbua, ua umejaa khanga viunoni, mikeka na masufuria, na mzee mmoja anauliza turubai liko wapi. "Jamani, huu ni mchezo!" nikapiga kelele. Wakanishika mikono, wakanikalisha chini. "Msimwache peke yake," mmoja akanong'ona, "uchungu umempanda kichwani."

Ndipo akaingia mtani wetu, mama wa Kizaramo aliyekuwa akiuza chapati pale kona. Mzaramo kwenye msiba wa Msukuma ana ruhusa ya kufanya lolote, na huyu hata siku za kawaida hakuwa anaomba ruhusa. Aliitundua ovaroli ya baba iliyoning'inia barazani, akaivaa, akaanza kutembea uani vilevile alivyotembea baba enzi zake, kifua mbele, mikono nyuma, anakagua hewa.

"Mnaniona? Mimi ndiye bwana mashine! Nikikohoa, kiwanda kinazima! Chapati nakula tano, nikimaliza nasema hazina chumvi!"

Waliokuwa wakilia wakacheka, wakacheka, halafu wakarudi kulia vizuri zaidi. Bwana wa Mirongo alikuwa anapiga tu, jasho linamtoka. Nami mwandishi nimekaa pale, natambua kwamba katika mchezo wangu mzima hakuna maneno matamu kama yale. Wivu ulinishika, sisemi uongo.

Nikaponyoka, nikaingia ndani, nikamwinamia baba. "Baba, amka. Mambo yameharibika."

Jicho moja likafunguka. "Amekuja?"

"Nani?"

"Nani tena! Mwenzangu wa zamu."

"Hajaja. Amka baba, watu wameanza kuchambua mchele."

"Wachambue. Siamki." Akafumba jicho.

Hapo nikasahau kabisa mambo ya televisheni. Niliogopa kitu kimoja tu: je, yule bwana asipokuja hata kwenye msiba?

Akaja. Alikuja na sare yake ya kazi, kofia mkononi, akapiga magoti kando ya mkeka. Watu wa uani wakamfuata ndani, chumba kikajaa.

"Ndugu yangu," akasema, "nilikuwa naona aibu. Ile mashine ulinifundisha wewe, halafu wakakutoa wewe, wakaniacha mimi. Jioni nilikuwa nafika hadi pale kona, nageuza. Ningekuambia nini?"

"Ungepiga hodi tu, mjinga wewe!" akasema marehemu.

Weee! Mlango ulikuwa mmoja, na wote waliutaka kwa pamoja. Dirisha lilikwenda na fremu yake. Mtani aliruka sufuria akiwa na ovaroli yetu, na bwana wa Mirongo aliiacha kamera sakafuni ikiendelea kunasa visigino. Aliyebaki ni yule mwenzake baba, wala si kwa ushujaa, miguu ilimgomea. Wakatazamana. Kisha akampiga baba konde la bega, akaangua kilio, na baba akacheka hadi pamba ikamtoka puani. Wakanywa chai ya msiba wawili peke yao.

Kanda ile ndiyo iliyonipatia kazi yangu ya kwanza ya kuandika. Ila kipande ninachokipenda hawakukirusha, nilikipiga mwenyewe. Mgeni anaaga. Baba anainuka. "Ngoja nikusindikize." Mama anapiga kelele, "Vaa suruali kwanza!" Hasikii. Anatoka nje ya ua, shuka jeupe begani, wameshikana mikono na mwenzake, na njia nzima milango inafungwa, watoto wanabebwa mzobemzobe, kuku wanatawanyika. Baba anasalimia kila nyumba. Hakuna anayeitikia.

"Uliwaona?" ananigeukia, macho yamejaa machozi, huku jirani yetu wa mwisho akirukia ukuta. "Walikuja wote!"