Mkufunzi alinifundisha "kujifunza kwa vitendo", nilipofundisha kwa vitendo akaniandikia HAKUNA ZANA

Wakuu salaam, wa zamani na mliojiunga jana.

Mimi humu huwa napita kimyakimya, nasoma nacheka naondoka. Leo nimeshindwa. Ninachoandika ni kweli, sijaongeza chumvi. Jina la chuo na la shule nayabana kwa sababu cheti bado hakijatoka, na kwa hali ilivyo sina hakika kama kitatoka.

Halafu kabla hamjaniita "mkuu" na "kaka", mimi ni dada. Mtu wa Bungu, pale barabarani magari ya kusini yanaposimama. Nasoma diploma ya ualimu wa shule ya msingi.

Twende kwenye mada.

Chuoni tuna mkufunzi wa mbinu za kufundishia. Kuongea anajua, hilo simnyimi. Mwaka mzima wimbo wake ulikuwa mmoja: mtoto ajifunze kwa vitendo, aguse, aone, ajaribu, akosee, mwalimu asigeuke redio.

Sisi tukawa tunaandika tu mpaka vidole vinauma. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Kujifunza kwa vitendo tulijifunza kwa kunakili ubaoni. Hata bustani ya chuo hatukuwahi kupelekwa, na iko nyuma ya bweni.

Lakini mimi nilimwamini yule mzee. Kila alichosema nilikibeba kama kilivyo.

Ikafika BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwa wasioijua. Unapelekwa shule, unafundisha, mkufunzi anakuja kukukagua na kukupa marks. Ukifeli hapo unarudia, hata kama kwenye mitihani ya kuandika umewaburuza wote.

Nikapangiwa shule moja huko delta, mto unapoingia baharini, upande wa Salale. Huko gari halifiki, ni boti tu, na boti nayo inaingia maji yakijaa. Yakitoka, kijito kinabaki tope na kaa. Mtu wa Bungu nilijua maji ya kisima na ya mvua, haya ya kuja na kuondoka yalinichukua muda kuyazoea.

Nikapewa Sayansi darasa la tano. Mada ilikuwa mizizi.

Kitabu kina picha mbili: mzizi mkuu wa maharage na mizizi ya nyuzi ya mahindi. Basi. Sasa wewe fikiria, darasa lenyewe ukifungua dirisha unatazamana na mikoko. Mizizi ya kila namna imesimama nje, mingine inatoka ubavuni mwa mti, mingine imechomoza juu kwenye tope utadhani mtu kapanda penseli. Halafu nifundishe mahindi na maharage ya kwenye picha?

Jumatatu maji yalitoka asubuhi, nikawatoa watoto. Viatu wakaacha barazani, tukaingia kwenye tope.

Kuna mti wanauita mchu, ndio huo wenye mizizi kama penseli. Nikawauliza, mizizi ya mchikichi inashuka chini, hii inatafuta nini juu? Sikuwapa jibu. Wakabishana, wakachimba, wakavunja kipande wakaona ndani kuna vitundu vidogo kama sponji. Kuna mmoja akakipuliza, akasema hewa inapita.

Kisha tukapanda kwenye tuta la jaruba la mpunga lililopo pembeni. Pale kuna mchu umekauka, umesimama mkavu peke yake wakati wenzake wana majani. Nikauliza, huu umekufa na nini?

Halafu msichana mmoja, tumwite Mwajuma, mtoto ambaye tangu nifike sijamsikia sauti, akainama akafukua udongo wa tuta chini ya ule mti. Chini yake kulikuwa na zile penseli, zote zimefukiwa.

Akasema, "Mwalimu, huu umekabwa. Walipotengeneza tuta wameufukia pua."

Hilo neno hakulitoa kwenye kitabu wala kwangu. Kuanzia siku hiyo darasa zima likawa linaita mizizi ile "pua za mchu". Mimi nikawaongezea jina la kwenye daftari, mizizi ya kupumulia, lakini pua ndiyo waliyoielewa. Mwajuma akaanza kunyoosha mkono kila kipindi, hata Hisabati.

Sasa njooni kwenye maumivu yangu.

Mkufunzi akapiga simu kwamba anakuja Alhamisi, kipindi cha kwanza. Mimi kwa u-Bungu wangu nikaandika andalio la somo nikijua Alhamisi asubuhi tutaingia tena kwenye tope kama Jumatatu. Watoto walicheka. Wakaniambia maji kila siku yanachelewa kidogo, Alhamisi saa hizo kutakuwa kumejaa, tope litatokea mchana.

Nikaelewa ubaya wa jambo lenyewe. Mkufunzi anaweza kufika maji yakiwa yamejaa tu, na somo langu linaonekana yakitoka. Akija hatalikuta, likiwepo hawezi kufika.

Nikamweleza mwalimu mkuu. Mzee wa watu, kazeekea hukohuko. Akaniambia, "Mwanangu, nunua karatasi ya manila, chora mti, paka rangi. Akupe marks zako aondoke na maji yake."

Nikamshukuru lakini nikakataa. Nikajiambia huyu ndiye aliyetuimbia vitendo mwaka mzima, atashindwaje kuelewa? Na ule mchu mkavu uko kwenye tuta, hata maji yakijaa tunaufikia. Nitawapeleka pale.

Alhamisi nikawapeleka. Tuko kwenye tuta, Mwajuma anawaonyesha wenzake alipofukua, akaja mtoto anakimbia kwamba mgeni amefika na anauliza darasa liko wapi.

Mkufunzi alikuwa amesimama mlangoni, suruali kaipandisha, kiatu kimoja kimelowa. Nikamwamkia. Hakuitikia vizuri. Nikamwomba tusogee kwenye tuta, ni hatua chache tu nyuma ya choo cha shule.

Akasema, "Madam, nimekuja kukagua somo, sikuja kukagua matembezi. Rudisha watoto ndani."

Waswahili wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji nikaugua.

Tukarudi ndani. Akakaa nyuma, karatasi zake mapajani, anatazama saa kwa sababu nahodha wa boti kamwambia maji yakianza kutoka hawatavuka. Nikaendelea na somo kwa kuwauliza watoto walichokiona. Mikono ikapanda. Nikamchagua Mwajuma.

Akasimama akaeleza vizuri kabisa, kwamba mchu unavuta hewa kwa pua zake, ukizifukia unakufa hata kama una maji na udongo mzuri.

Mkufunzi akaingilia kutoka nyuma. "Mti hauna pua. Mti una mizizi. Keti, fuata kitabu."

Mwajuma akaketi. Wakuu, hakunyoosha mkono tena. Na siyo yeye peke yake, darasa zima liliingia ndani kama kaa anavyorudi shimoni. Nikauliza swali, wananitazama. Nikauliza jingine, wanaangalia meza. Nikafundisha mahindi na maharage mpaka kipindi kikaisha.

Akanikalisha barazani kunipa mrejesho. Zana za kufundishia: HAKUNA. Nikamwambia, mwalimu, zana ni ule mti, hata hapa ulipo unauona. Akajibu zana ni kitu alichoandaa mwalimu, mti hukuuandaa wewe. Ushiriki wa wanafunzi: hafifu. Hapo nilitamani kulia, maana aliyeua ushiriki ni yeye mwenyewe.

Akaondoka na maji yake.

Mchana tope likatokea. Nikawaita darasa la tano tuingie, nilitaka angalau kumrudishia Mwajuma neno lake. Walikuja wote ila yeye. Nilimkuta darasani ananakili ile picha ya kitabuni, mahindi na maharage. Nikamwambia twende. Akasema, "Si amesema tufuate kitabu?"

Nilikaa naye mpaka jioni, nikamwambia yuko sahihi, mgeni ndiye aliyekosea. Aliitikia kwa adabu. Sijui kama aliniamini, kwa sababu aliona nani alikuwa anaandika na nani alikuwa anaandikwa.

Matokeo yametoka wiki iliyopita. BTP nimefeli, natakiwa kurudia. Mtihani wa mbinu za kufundishia nimepata A. Swali nililojibu vizuri kuliko yote lilikuwa la kueleza faida za kujifunza kwa vitendo, na aliyesahihisha ni yeye.

Nilichojifunza: mtaala mzuri tunao, maneno mazuri tunayo, lakini mkaguzi anakagua kinachotoshea kwenye muda wa boti yake. Tunafundishwa ualimu kama mtu anayefundishwa kuogelea kitandani, halafu tukiingia majini tunaadhibiwa kwa kulowa.

Walimu mliomo humu, mnaofundisha visiwani, delta, hata huko milimani, mnafanyaje? Mnachora manila mkaguzi akija, halafu mnafundisha akiondoka? Na wakufunzi mliomo, nyie mlikaguliwaje? Karibuni, hata wa kunipinga waje, ila waje na hoja.

Mimi nimeomba kurudia shule ileile. Na wewe mkufunzi ukiusoma uzi huu utajijua. Ukija safari hii usiangalie saa. Mwalimu mkuu ana chumba cha wageni, lala siku moja tu, maji yatoke, halafu umwombe Mwajuma akuonyeshe pua za mchu.