Nusu ya Uso

Asubuhi moja pale Mbinga nilikuwa napiga mswaki, maji yakanitoka kinywani upande wa kushoto, yakalowesha kanga. Kwenye kioo nikakuta nusu ya uso wangu imelala, haina habari nami.

Majirani hawakukawia. Mmoja alisema ni upepo mbaya, mwingine akamtaja mganga wa Lundo, kule ziwani, anayechanja chale shavuni. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kwetu kutoka Matiri, akawakatiza: "Chale zitangoja. Kwanza hospitali."

Daktari aliniambia niinue nyusi, nifumbe macho, nijaze mashavu hewa. Akasema si kiharusi, ni neva ya uso imevimba. Akaniandikia vidonge vya prednisolone, vya kupunguza uvimbe; nimewahi, alisema, maana vikianzwa mapema ndipo vinasaidia. Wengine huongezewa dawa ya virusi, mimi hakuniongezea. Alichokazania ni jicho: matone mchana, mafuta na plasta usiku, lisije likakauka na kuchubuka. Wengi hupona, ila huweza kuchukua miezi. Sikumuuliza kuhusu wasiopona.

Nafundisha darasa la kwanza. Mwalimu asiyeweza kutamka "baba" vizuri ana kazi gani? Watoto walinitazama mdomoni, nikawatazama, basi. Sikuwa na hasira wala huzuni. Nilikuwa nimekufa ganzi hadi moyoni.

Kila jioni mama mkwe alinikanda shavu polepole, kisha tukasimama mbele ya kioo kufanya mazoezi ya daktari. Nyusi juu. Midomo mbele. Aliyafanya yote pamoja nami, mzee yule, na kilemba chake.

"Cheka basi, mwanangu, au unangoja mshahara?"

Upande mmoja ulicheka.

Alirudi Matiri kuvuna kahawa yake. Hata juma halikuisha, simu ikaja: ameanguka shambani, hakuamka.

Msibani jicho langu la kushoto lilitoa machozi mfululizo, kwa kuwa kope ilikuwa imelegea na haikuweza kuyazuia. Wanawake wakanong'ona, "Tazama mkamwana anavyomlilia." Nikaona aibu. Moyoni mwangu hamkuwa na kilio hata kidogo. Nilimpenda, na nilikaa mkekani nikiwaza kama ugali utatosha.

Vidonge vilikuwa vimekwisha zamani. Niliendelea na kioo kwa mazoea tu, kama mtu anayefagia uwanja usio na mgeni. Jioni moja, midomo mbele, midomo nyuma, pembe ya kushoto ya mdomo ikacheza. Nikarudia. Ikacheza tena, ikapanda.

"Mama!" nikapaza sauti. "Mama, njoo uone!"

Mume wangu alitoka chumbani mbio, akasimama mlangoni, akanitazama. Hakuniuliza namwita nani. Nikataka kumwambia kwamba nimepona, lakini uso wote, kulia na kushoto, ukakunjamana, nikalia.